Pambano la vyombo vya anga mezani: namna ya kulicheza hatua kwa hatua

Kila anayekuja kucheza nasi hapa Moshi kwa mara ya kwanza huuliza chombo kipi kina mizinga mikubwa. Aulize kwanza kipi kinakwenda kasi gani. Pambano la vyombo vya anga huamuliwa na kasi uliyoiandika kwenye karatasi raundi mbili zilizopita. Dadu zinakuja kumalizia tu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kasi na amri, mengine tutayapita.

Kanuni ni za Full Thrust, mchezo wa Mwingereza Jon Tuffley uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia kampuni ya Ground Zero Games. Vitabu vyake vinapakuliwa bure kwenye tovuti ya kampuni hiyo, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie. Vina mambo mengi kuliko unayohitaji siku ya kwanza. Hapa nimechukua kiini na kukata baadhi ya vipengele, na nikikata nitakwambia.

Hatua ya 1: Vifaa

Usianze kwa kutafuta vinyago vya bei mbaya. Kizibo cha soda ni chombo tosha. Bandika karatasi juu yake, andika jina, weka doti katikati, kisha gundisha kijiti cha meno kuanzia kwenye doti kwenda nje. Ncha ya kijiti ndiyo pua ya chombo.

Anga ni kitambaa cheusi cha futi 6 kwa 4. Pazia la mtumba kutoka soko la Memorial linafaa sana, ila lipige pasi. Kizibo kikikaa kwenye kunyanzi hugeuka chenyewe kidogo, na ugomvi unaanzia hapo. Kupimia tumia futi ya fundi cherehani, upande wa inchi. Kama meza yako ni ndogo, kila ninaposema inchi wewe soma sentimita, na rula ya shule itatosha. Dadu chomoa kwenye ludo. Penseli ni bora kuliko peni, maana karatasi ya chombo, ile unayoandikia viboksi, kasi na amri zake, inafutwa na kuandikwa muda wote.

Hatua ya 2: Vikosi

Mchezo wa kwanza uwe vyombo vitatu kwa vitatu, pande zote zikiwa na nguvu sawa. Maana ya namba za hapa chini utaikuta Hatua ya 4, ya 7 na ya 8. Sisi huita kikosi kimoja Kibo, Mawenzi na Shira, na cha pili Meru, Monduli na Longido. Watani zetu wa Arusha wakija hawahitaji kuelezwa kipi ni chao.

Kubwa (Kibo na Meru): msukumo 4, bodi ya viboksi 28, mizinga miwili ya miali daraja la 3, miwili daraja la 2, ngao ya kiwango cha 1, mitambo miwili ya kulenga.

Cha kati (Mawenzi na Monduli): msukumo 4, bodi 16, mizinga miwili daraja la 2 na mmoja daraja la 1, ngao kiwango cha 1, mtambo mmoja wa kulenga.

Kidogo (Shira na Longido): msukumo 6, bodi 8, mzinga mmoja daraja la 2 na mmoja daraja la 1, mtambo mmoja wa kulenga. Ngao hakina.

Viboksi vya bodi vichore kwenye mistari minne iliyo sawa: Kibo saba saba, Monduli vinne vinne, Shira viwili viwili. Mistari hiyo ina kazi kubwa huko mbele, usichore kiholela.

Hatua ya 3: Mielekeo 12

Vyombo vinaelekea kwenye moja ya namba 12 za uso wa saa ya ukutani. Chagueni upande mmoja wa meza uwe namba 12, tuseme wa dirishani, na ubaki hivyo mpaka mwisho. Chukua CD ya zamani, ile ya kwaya iliyokwaruzika, uchore mistari 12 kwa makapeni. Ukiiweka juu ya kizibo, doti inaonekana kwenye tundu la katikati na ncha ya kijiti inachungulia ukingoni, hivyo namba unaisoma bila kubahatisha.

Ila mezani semeni "namba tatu", msiseme "saa tatu". Ukisema saa tatu, mwenzako anaweza kuona akrabu imesimama kwenye 9, akageuza chombo kikampa adui mgongo.

Hatua ya 4: Kasi

Chombo cha angani hakina breki, wala hewa ya kukipunguza. Kikishapata kasi 8, kitakwenda inchi 8 kila raundi, uandike usiandike, mpaka utumie injini kukibadilisha. Ni sheria ya kwanza ya Newton ile tuliyokariri sekondari. Fikiria lori la ndizi linaloshuka Marangu kwenda Himo: ukitaka lisimame Himo, breki ulipaswa kuiwaza ukiwa bado juu.

Msukumo 4 maana yake una pointi 4 za kutumia kila raundi. Pointi moja inaongeza au kupunguza kasi kwa 1. Pointi moja pia inageuza pua kwa namba moja ya saa, yaani nyuzi 30, lakini kwa kugeuka huruhusiwi kutumia zaidi ya nusu ya msukumo. Chombo cha msukumo 4 kinageuka namba mbili tu kwa raundi.

Sasa piga hesabu. Vikosi vinaanza inchi 60 mbali, vikitazamana. Pande zote zikija kwa kasi 14, raundi ya kwanza umbali unakuwa 32, raundi ya pili 4, na raundi ya tatu mmeshapitana, kila mmoja anautazama ukuta. Ili Kibo irudi nyuma inahitaji kugeuka namba 6, na kwa namba mbili mbili hizo ni raundi tatu. Hata ukitumia pointi mbili zinazobaki kupunguza kasi, itasafiri inchi 12, kisha 10, kisha 8. Hizo ni inchi 30 za kutalii ukiwa umempa adui mgongo. Ukiamua kusimama tu bila kugeuka, ni raundi nne na inchi 18. Kwenye meza ya inchi 72, hizo ni nyingi mno.

Mje kwa kasi 8 muone tofauti. Umbali unakwenda 44, kisha 28, kisha 12. Unapata raundi mbili nzuri za kupiga kabla hamjakutana, na bado una pointi za kujitoa.

Kasi 0 nayo si dawa. Chombo kilichosimama kila mtu anajua raundi ijayo kitakuwa wapi, na kidogo chenye msukumo 6 kitazunguka kije nyuma yake taratibu. Mimi vikubwa navipeleka kati ya 6 na 8, vya kati navyo humo humo ili viwe karibu, na kidogo nakiachia mpaka 12 kwa sababu kinaweza kujirudi. Anayesema vyombo vyote viende kasi moja ili kikosi kisitawanyike ana hoja, ila anakitupa kile kidogo.

Hatua ya 5: Kuandika amri

Kila mchezaji anaandika amri za vyombo vyake vyote kwa siri, mwenzake naye anaandika muda huo huo. Hapa ndipo patamu. Unaandika ukikisia adui atakuwa wapi, siyo alipo sasa.

Kushoto na kulia zote zinaanza na "ku", kwa hiyo ukiandika K1 utajikoroga. Andika Sh kwa kushoto na L kwa kulia, kisha kasi kwa alama ya kuongeza au kutoa. Amri ya Kibo ikisomeka "Sh2, -2" imetumia pointi 4: mbili za kugeuka, mbili za kupunguza kasi. Jumlisha kabla hujaweka penseli chini. Amri iliyozidi msukumo sisi tunaifuta yote na chombo kinakwenda moja kwa moja kwa kasi yake ya zamani. Ni kanuni ya nyumbani, lakini imepunguza mabishano.

Kabla ya kuandika, weka kidole kwenye kila chombo cha adui, pima mbele yake inchi sawa na kasi yake. Hapo ndipo kitakapokuwa kama mwenzako hatafanya kitu. Halafu tazama namba mbili kushoto na mbili kulia, au tatu tatu kwa kile kidogo chenye msukumo 6. Kitaangukia ndani ya kipande hicho, hakina kwingine pa kwenda. Mpinzani anayekuja kasi 14 amekwishakuonyesha karatasi yake.

Hatua ya 6: Kusogeza

Fungueni karatasi wote pamoja, sogezeni. Kasi mpya inaanza papo hapo. Mgeuko unagawanywa: nusu unafanywa mwanzoni, nusu katikati ya safari. Namba ikiwa witiri, sehemu ndogo inatangulia, kwa hiyo mgeuko wa namba moja wote unafanyika katikati.

Chukua Kibo yetu yenye kasi 8, ikielekea namba 3, na amri ya "Sh2, -2". Kasi inakuwa 6. Pua inakwenda namba 2, unasogeza inchi 3, pua inakwenda namba 1, unasogeza inchi 3 nyingine. Kipimo ni doti hadi doti. Ukipima kutoka ncha ya kijiti umejiongezea inchi za wizi.

Vyombo vikipandana hakuna ajali. Anga ni pana. Chombo kikitoka nje ya kitambaa kimeondoka vitani.

Hatua ya 7: Kupiga

Kila upande unarusha dadu moja. Aliyepata kubwa anachagua chombo kimoja kipige, kisha mwenzake kimoja, mnapokezana. Madhara yanahesabiwa hapo hapo, kwa hiyo chombo kinachopigwa kabla ya zamu yake kinaweza kupoteza mzinga kiliokuwa kinautegemea. Usikurupuke kutanguliza chombo chenye nguvu. Tanguliza kile ambacho mstari wake wa bodi unakaribia kuisha.

Mzinga unatoa dadu kulingana na daraja na umbali. Mpaka inchi 12 dadu ni sawa na daraja lake. Kila inchi 12 zaidi inapungua moja. Daraja la 3 linatoa 3, kisha 2 mpaka inchi 24, kisha 1 mpaka inchi 36. Daraja la 1 halifiki popote zaidi ya 12. Kila mtambo wa kulenga unashughulikia adui mmoja, hivyo Kibo inaweza kugawa mizinga yake kwa wawili na Monduli haiwezi. Nyuma ya chombo, pembe ya nyuzi 60, hakuna mzinga unaopiga. Kitabu kina ruhusa ndogo kwenye hilo, anayeanza aiache.

Dadu ya 1, 2 au 3 imekosa. Nne na tano ni pigo 1, sita ni mapigo 2. Ngao ya kiwango cha 1 inafuta nne. Vitabu vya baadaye vinakuruhusu kurusha tena ukipata sita. Hicho pia nimekikata.

Tuseme Monduli imejichanganya ikaja kwa kasi 12, na sasa iko inchi 20 mbele ya Kibo. Kwa umbali huo mizinga miwili ya daraja la 3 inatoa dadu 4, miwili ya daraja la 2 inatoa 2. Unarusha sita: 2, 3, 4, 5, 6, 6. Ngao imekula ile nne. Tano ni 1, sita mbili ni 4. Jumla mapigo 5.

Hatua ya 8: Madhara

Kata viboksi 5 vya Monduli kuanzia mstari wa juu. Mstari wa kwanza, wenye vinne, umeisha na wa pili umeguswa. Mstari ukiisha, kila mfumo wa chombo unarushiwa dadu yake: kila mzinga, ngao, mtambo wa kulenga, injini. Mstari wa kwanza ukiisha, mfumo unakufa kwa 6. Wa pili, kwa 5 au 6. Wa tatu, kwa 4 kwenda juu. Mstari wa nne ukiisha, hakuna chombo.

Watu huomba mzinga wa adui ufe. Mimi naomba injini. Ikipigwa mara ya kwanza msukumo unabaki nusu; ya pili, hakuna kitu. Monduli yenye kasi 12 na msukumo 2 inahitaji raundi sita kusimama, na ndani yake itaserereka inchi 30. Mizinga yake yote ni mizima, lakini inaondoka kwenye meza huku mwenyewe akiitazama. Kasi 6 ingemwachia raundi tatu na inchi 6 tu.

Hatua ya 9: Kumaliza, na cha kuongeza

Kubalianeni mwisho kabla ya raundi ya kwanza: labda raundi 8, au upande mmoja ukibaki na nusu ya viboksi vyake. Bila hivyo mtafukuzana pembeni ya kitambaa mpaka mwenye meza aitake meza yake.

Mkishazoea, ongezeni torpido. Hadi inchi 6 inapata kwa 2 kwenda juu, hadi 12 kwa 3, hadi 18 kwa 4, hadi 24 kwa 5, hadi 30 kwa 6 peke yake. Ikipata, rusha dadu nyingine, na namba yake ndiyo mapigo. Ngao haiizuii. Iwekeni kwenye Shira na Longido badala ya mzinga wa daraja la 2, muone kama kuna atakayethubutu tena kusimamisha Kibo au Meru katikati ya meza.