Kuanza Kuogelea kama Mazoezi: Pumzi Kwanza, Mikono Baadaye

Nimefundisha watu wazima kuogelea kwa miaka mingi, na wengi wao hufika ukingoni baada ya mita 25 za kwanza wakiwa na neno moja: "Mwalimu, sina pumzi." Wamo wanaokimbia kilomita 10 bila kusimama. Mapafu yao hayana kasoro yoyote. Shida ni kwamba uso ulipoingia majini walibana hewa, na walipoinua kichwa walikuwa na nusu sekunde ya kufanya kazi mbili: kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya. Muda hautoshi. Hewa iliyotumika inabaki kifuani, kabonidayoksaidi inapanda kwenye damu, na kupanda huko ndiko hasa kunakoleta ile hamu kali ya kuvuta hewa, hata kama oksijeni bado ipo. Moyo unaenda mbio, mikono inapiga maji ovyo, na mtu anaondoka akiamini kuogelea hakumfai.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na pumzi na kuiacha mikono mpaka karibu na mwisho. Fuata mpangilio uliopo. Wanaoruka hatua nawaona wakirudi nyuma baada ya mwezi.

Kabla ya kuingia majini

Kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, pumu, au ngoma ya sikio iliyotoboka, zungumza na daktari kwanza. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu anayeijua hali yake kumwangalia muda wote. Kidonda kibichi au tumbo la kuhara, subiri upone.

Usiogelee peke yako. Hili silegezi kwa mtu yeyote. Chagua bwawa lenye mwokoaji aliye kazini, na ujue kina kinaanzia wapi kuongezeka. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono kama watu wanavyodhani: mdomo unazama na kuibuka usawa wa maji, mikono inasukuma maji kuelekea chini, na hewa ya kupigia ukelele haipo. Anaweza kuwa mita tatu kutoka kwa rafiki yake na rafiki asitambue. Kwa hiyo mwenzako akuangalie kwa macho, asikae ukingoni akichezea simu.

Vifaa ni vichache. Vazi linalobana mwili vizuri, kwa sababu nguo pana hubeba maji na kukuvuta. Miwani ya kuogelea: ibandike machoni bila kuvuta mkanda wake, ikishika yenyewe kwa sekunde moja au mbili, inakufaa. Kofia haitazuia nywele kulowa, kazi yake ni kuziweka mbali na uso. Ubao wa kuelea utaukuta kwenye mabwawa mengi. Maboya ya kuvaa mikononi siyapendi kwa mtu mzima, maana yanakuweka wima kama mtu aliyesimama, na sisi tunataka ulale.

Oga kabla ya kuingia, kwa sabuni. Ile harufu kali inayochoma pua watu huidhania ni klorini nyingi. Kwa kweli hutokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo, na mchanganyiko huohuo ndio unaowasha macho. Bwawa linalotunzwa na waogeleaji wasafi halinuki hivyo.

Hatua ya 1: Toa hewa ukiwa ndani ya maji

Simama penye maji ya kifuani, shika ukingo. Vuta hewa kwa mdomo, haraka lakini bila kujaza kifua hadi kikaze. Ingiza uso majini, kisha guna "mmmm" taratibu. Mguno huo utalazimisha hewa itoke puani, na maji hayawezi kuingia mahali hewa inapotoka. Acha mapovu yatiririke mfululizo, na karibu na mwisho puliza kwa nguvu kidogo, kwa pua na mdomo. Inua uso, vuta hewa, rudi.

Fanya mara 10, pumzika, fanya tena 10. Usijifute uso kati ya pumzi. Najua mkono unakimbilia machoni wenyewe, lakini kila unapojifuta unauambia mwili kwamba maji usoni ni dharura. Ukiweza pumzi 20 mfululizo bila kujifuta na bila kuhema, hatua hii umeimaliza. Wengine huimaliza siku moja, wengine wiki mbili, na wote baadaye huogelea sawa.

Onyo moja hapa. Usishindane kukaa chini ya maji, na usivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Pumzi hizo zinaondoa kabonidayoksaidi, yaani ile kengele ya mwili, na mtu anaweza kuzimia majini bila kuhisi dalili.

Hatua ya 2: Kuelea, na kusimama kutoka kwenye kuelea

Walimu wengi hufundisha kuelea na kusahau kusimama. Mimi naanza na kusimama, kwa sababu hofu ya mwanafunzi iko hapo: "Miguu ikishaacha sakafu, nitairudishaje?" Ukiwa umelala kifudifudi, vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja vyote viwili, inua kichwa, kisha shusha nyayo mpaka ziguse. Mpangilio ni magoti, viganja, kichwa, nyayo. Anayeanza na kichwa huyumba na kumeza maji. Rudia hadi ufanye bila kufikiri.

Sasa kuelea kwenyewe. Vuta hewa, lala kifudifudi, kumbatia magoti, utulie. Utazama kidogo halafu mgongo utaibuka. Ukishaliamini hilo, nyoosha mikono na miguu. Huenda miguu yako ikazama, hasa kama una misuli mingi na mafuta machache mwilini. Si kosa lako. Boya la mwili ni mapafu, nayo yako kifuani, huku uzito wa mapaja ukivuta chini. Dawa yake iko hatua inayofuata.

Fanya pia chali: masikio ndani ya maji, macho yatazame juu, kitovu kielekee juu. Mtu anayeweza kulala chali na kupumua ana mahali pa kupumzika popote pale bwawani.

Hatua ya 3: Mshale

Weka mgongo ukutani, mguu mmoja ukanyage ukuta. Nyoosha mikono mbele, kiganja kimoja juu ya kingine, masikio kati ya mikono. Uso ndani, sukuma ukuta, kisha usifanye chochote. Teleza mpaka usimame mwenyewe.

Tazama sakafu, usitazame mbele. Kichwa kikiinuka nyonga zinashuka, na mwili uliolala unageuka kuwa ukuta unaosukuma maji. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, hivyo kosa dogo la mkao ambalo nchi kavu usingelihisi, hapa unalilipia kwa jasho. Bonyeza kifua chini kidogo, kana kwamba unaegemea mto, na nyonga zitapanda.

Hatua ya 4: Miguu

Teke lianzie kwenye nyonga. Goti lipinde kidogo tu, kifundo cha mguu kilegee, vidole vielekee nyuma. Mateke yawe madogo na ya haraka, visigino vikitikisa uso wa maji bila kurusha maji mengi. Wakimbiaji mara nyingi wana vifundo vikavu, yaani visivyopinda kwa urahisi, na husonga kidogo sana kwa miguu peke yake. Wasikate tamaa, kazi kubwa ya miguu kwa anayeanza ni kuuweka mwili umelala. Shika ubao, uso ndani, toa mapovu, piga mateke upana wa bwawa mara nne au tano. Inatosha.

Hatua ya 5: Mikono, na kupumua kwa upande

Nafundisha mtindo huru, ule wa kifudifudi wenye mikono inayopokezana. Mkono uingie majini mbele ya bega lake, vidole vikitangulia, usivuke mstari wa katikati ya kichwa. Nyosha, kisha kiwiko kibaki juu huku kiganja na sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kiganja vikishuka na kusukuma maji nyuma hadi kando ya paja. Mkono unaovuka katikati ndio humaliza mabega ya watu. Bega likianza kuuma kwa mchomo siku hiyo acha, na kosa hili ndilo la kwanza kulitafuta.

Halafu pumzi. Mkono wa kulia unapomaliza kusukuma, mwili wote unabingirika upande wa kulia, na kichwa kinabingirika pamoja nao. Hakiinuki. Jicho moja la miwani libaki ndani ya maji, mdomo utoke tu kwenye bonde dogo la maji linalojitengeneza kando ya kichwa. Kwa kuwa umeshatoa hewa yote chini, huku juu una kazi moja tu: vuta. Rudisha uso kabla mkono haujaingia tena. Mwanzoni vuta hewa kila mikono miwili (kila pigo la mkono, wa kulia au wa kushoto, huhesabiwa mkono mmoja), upande uleule ulio mwepesi kwako. Watu husikia kwamba waogeleaji hodari huvuta kila mikono mitatu, wakajibana bure.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote: shika ubao kwa mkono mmoja ulionyooka, mwingine ulale kando ya paja, piga mateke, bingirika kupumua, rudi. Urefu mmoja upande wa kulia, mmoja wa kushoto. Lifanye hata ukishajua kuogelea.

Na mtindo wa chura je? Ni mtindo kamili, usiuonee aibu. Kapteni Matthew Webb alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875 kwa mtindo huo, akakaa majini saa 21 na dakika 45. Mwenye magoti mabovu tu awe mwangalifu, kwa sababu teke lake huyasokota.

Hatua ya 6: Ratiba

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanataka kuogelea dakika 30 bila kusimama, wanachoka dakika ya tatu, na dakika 27 zilizobaki wanazitumia kuzoeza makosa. Mazoezi ya majini hugawanywa vipande: ogelea kidogo kwa mtindo mzuri, pumzika, rudia.

Njoo mara tatu kwa wiki, na ikiwezekana usiziweke siku zinazofuatana. Wiki tatu za kwanza ni za hatua ya 1 hadi ya 4. Wiki ya 4 na ya 5, baada ya zoezi la ubao, ogelea mita 25 mara 8, ukipumzika sekunde 30 hadi 45 kila mara. Wiki ya 6 na ya 7, mita 25 mara 12. Wiki ya 8 na ya 9, mita 50 mara 4, kisha mita 25 mara 6. Kuanzia wiki ya 10, mita 50 mara 8. Wiki ikikushinda, irudie hiyohiyo. Ratiba si deni.

Kipimo cha nguvu: mwishoni mwa mapumziko uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Usilinganishe mapigo ya moyo na yale ya kukimbia, maana majini moyo hupiga polepole kidogo kwa juhudi ileile. Na kunywa maji, kwa sababu unatoa jasho hata kama hulioni.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Vipindi vitatu vya nusu saa vinakupa 90, na zilizobaki nashauri uzijaze kwa kutembea haraka na kuinua vitu vizito. Sababu ni mifupa: ukiwa na maji ya kifuani, miguu inabeba takriban theluthi moja tu ya uzito wako. Ni neema kwa mwenye maumivu ya viungo au mwenye mwili mkubwa, lakini mfupa nao unahitaji kubeba mzigo ili ubaki imara.

Ukitoka, inamisha kichwa kila upande maji yatoke masikioni, kausha sikio la nje kwa taulo, usiingize kijiti. Suuza ngozi na nywele.

Utajuaje kwamba unaendelea

Hesabu mikono kwenye mita 25. Ukianza na 32 na baada ya wiki kadhaa ukafika 26 kwa muda uleule, unateleza vizuri zaidi, na hicho ni kipimo cha kweli kuliko saa. Ihesabu mwanzoni mwa kipindi na uihesabu tena karibu na mwisho. Siku hesabu inapopanda kwa mikono minne au mitano katikati ya zoezi, mtindo umechoka kabla yako. Malizia kwa mita 50 chali, polepole, utoke.