Mashine ya kuosha vyombo haiingizi maji? Fuata njia ya maji kabla hujamwita fundi

Umebonyeza kitufe, mashine imeunguruma kidogo, kisha kimya. Unategea sikio ule mlio wa maji yakiingia, husikii kitu. Baada ya dakika chache taa inaanza kuwakawaka, na masufuria ya pilau ya wageni wa Jumapili yamo ndani vilevile, ukoko umekauka. Wengi wetu hapo hapo tunashika simu kutafuta fundi. Nakuomba usubiri nusu saa. Nimeishi na mashine hizi hapa Reading, Uingereza, katika nyumba nne za kupanga, na kila zilipogoma maji, isipokuwa mara moja, shida ilikuwa kitu ninachoweza kukimaliza mwenyewe kwa ndoo, plaizi na taulo kuukuu. Fundi akifika mlangoni tu umeshadaiwa, hata kama kazi yenyewe ni kufungua koki.

Tumezoea kusema mashine "haivuti maji", lakini kwa kweli mashine haivuti chochote. Maji yanasukumwa na nguvu ya bomba la nyumba; kazi ya mashine ni kufungua mlango mdogo, yaani vali, ili yapite. Ukilishika hilo, maswali yanabaki matatu. Je, maji yanafika mlangoni? Je, mlango unafunguka? Na je, kuna kitu kinachouambia mlango usifunguke? Yaulize kwa mpangilio huo, kutoka ukutani kuja ndani.

Anza chini ya sinki. Kwa nyumba za Uingereza utakuta koki ndogo yenye mkono wa plastiki, mara nyingi wa buluu, ambayo mpira wa mashine umefungwa hapo. Mkono ukilala sambamba na bomba, maji yako wazi. Ukikaa msalaba, yamefungwa. Kama umehamia karibuni, au fundi bomba alipita wiki hii, au umepanga vizuri ndoo na chupa za sabuni ndani ya kabati, basi shuku koki hiyo kwanza. Mkono huo hugeuka kwa robo mzunguko tu, na chupa ikiusukuma kidogo inatosha.

Kisha ufuate mpira kwa mkono mpaka nyuma ya mashine. Mashine ikisukumwa ndani baada ya kufagia nyuma yake, mpira unajikunja kama majani ya mgomba, na maji hayapiti. Ivute mashine taratibu, unyooshe mpira, uirudishe.

Sasa kipimo chenyewe, na hiki ndicho ninachokiamini zaidi. Chomoa plagi. Funga koki. Weka taulo chini, fungua mpira pale unapoungana na koki, kinga ndoo ya lita 10, halafu fungua koki huku ukitazama saa ya simu. Watengenezaji wengi wa Ulaya wanataka angalau lita 10 kwa dakika. Ndoo ikijaa ndani ya dakika moja, maji ya nyumba hayana kosa. Yakitoka kama uzi, usiiguse mashine kabisa. Shida ni koki hiyo hiyo au bomba la nyumba, na hilo ni la mwenye nyumba.

Ndoo ikiwa mkononi bado, chungulia ndani ya ncha ya mpira. Utaona chujio dogo, duara la wavu mdogo kuliko sarafu. Huku kusini mwa Uingereza maji ni magumu, yana chokaa nyingi. Ukitazama birika lako la umeme utaona ukoko mweupe chini. Ukoko huo huo, pamoja na chembe za kutu za mabomba ya zamani, huziba wavu kidogo kidogo, miaka miwili au mitatu bila wewe kujua. Vuta chujio kwa plaizi, usilivunje, liloweke kwenye siki nyeupe saa moja, lisugue kwa mswaki wa zamani, lirudishe. La kwangu lilikuwa limeziba mpaka huoni mwanga upande wa pili. Jamaa wa Glasgow hawana sana tabu hii, maji yao ni laini, lakini kutu haichagui mji.

Kuna mipira yenye kisanduku kizito cha plastiki pale kwenye koki. Kazi yake ni kukata maji mpira ukipasuka. Baadhi ina waya wa umeme ndani, hivyo usiikate kamwe wala kujaribu kuirefusha. Ile isiyo na umeme huwa na kidirisha kidogo. Ukiona rangi nyekundu hapo, kisanduku kimeshajifunga na hakifunguki tena. Unanunua mpira mwingine mzima.

Sehemu ninayotaka tukae nayo ni boya, maana hapo ndipo sisi tunapokwama zaidi, na hakuna anayetuambia. Sote tunalijua boya la tangi la choo: maji yakipanda, linapanda nayo, linafunga. Mashine hizi nazo zina boya. Nyingi za Ulaya zina trei chini kabisa, chini ya chumba cha vyombo, na ndani ya trei hiyo kipande cha povu jeupe kinachogusa swichi. Maji yakivuja hata kidogo yakaingia kwenye trei, povu linaelea, swichi inabonyezwa, na mashine inakataa katakata kuingiza maji zaidi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: pampu ya kutoa maji inaunguruma bila kusimama hata kama hujaanzisha programu yoyote.

Mwaka juzi shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Asubuhi moja nikiwa kazini alitaka kunisaidia, akapanga vyombo vizuri, na kwa kuwa vidonge vya mashine vilikuwa vimekwisha, akatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Niliporudi povu lilikuwa limetoka mpaka sakafuni. Tulipangusa, tukadhani yamekwisha. Kesho yake mashine ikagoma.

"Mwanangu, mbona inalia tu na maji haiweki?" shangazi akaniuliza.

"Usijali shangazi, imejifunga yenyewe kwa usalama," nikamwambia, ingawa wakati huo nilikuwa bado nabahatisha.

Povu lilikuwa limeteremka mpaka kwenye trei na kugeuka maji. Tukazima umeme, tukafungua ubao wa chini kwa mbele, skrubu mbili, nikalala kifudifudi na tochi ya simu, shangazi akinipa sponji moja na kukamua nyingine. Tulitoa karibu lita moja. Tukaacha wazi usiku kucha ikauke. Asubuhi ikaingiza maji kama kawaida, na programu mbili za kwanza tukaziendesha bila sabuni wala vyombo ili povu lililobaki liishe. Kwa hiyo, mgeni akija kutoka nyumbani, mwonyeshe kidonge kiko wapi siku ya kwanza. Na kwenye kile kitundu cha chumvi, tia chumvi maalumu ya mashine. Chumvi ya mezani yenye madini joto na dawa za kuzuia kuganda haifai humo.

Trei ikijaa maji na hukutumia sabuni isiyo yake, basi kuna mahali panapovuja. Ukaushe, lakini mwite fundi, kwa sababu itarudia.

Mashine nyingi za Marekani boya lake liko ndani, umbo la kikombe kilichofunikwa au uyoga, kwenye kona ya sakafu ya chumba cha vyombo. Linyanyue kwa kidole uliachie. Linatakiwa kuanguka lenyewe na kutoa mlio mdogo. Likinasa juu kwa sababu ya mfupa wa samaki au kijiko kilichoteleza, mashine inaamini imeshajaa. Huko pia mashine kwa kawaida hufungwa kwenye bomba la maji ya moto, kwa hiyo angalia koki ya moto chini ya sinki, si ya baridi. Na kwa walioko Minnesota na majimbo ya baridi kali: bomba linalopita kwenye ukuta wa nje linaweza kuganda usiku wa Januari. Acha milango ya kabati la sinki wazi joto la nyumba liingie, na usitumie moto wa aina yoyote kuliyeyusha.

Kuna ndugu Muscat na Dubai wanaotumia maji ya tangi la juu ya paa. Mashine nyingi zinahitaji angalau nusu bar ya nguvu ya maji, na hiyo ni sawa na maji kusimama mita 5 juu ya mashine. Tangi likiwa mita 2 tu juu ya jiko, mpira ni mzima, vali ni nzima, na bado mashine italalamika. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza nguvu. Wanaofunga mashine kwenye kontena kuipeleka Dar au Mombasa wapige hesabu hiyo kabla ya kulipia usafiri.

Usisahau pia kwamba mashine nyingi hutoa maji ya zamani kwanza ndipo ziingize mapya. Wali ukiziba njia ya kutokea, haitafika hatua ya kuingiza. Na mpira wa kutolea maji ukilala sakafuni badala ya kupandishwa mpaka karibu na juu ya sinki, maji huingia na kutoka papo hapo, nawe unadhani hayakuingia kabisa.

Maandishi ya kwenye kioo kidogo cha mashine nayo yanasaidia. Bosch na Siemens wakionyesha E15, maana yake maji yako kwenye trei. AEG na Electrolux wana i10 kwa maji yasiyoingia na i30 kwa trei. LG huandika IE, Samsung 4C au 4E.

Umefanya yote haya na bado? Anzisha programu, weka sikio karibu na chini ya mashine. Ukisikia mvumo mdogo bila maji, vali inapata umeme lakini haifunguki, inahitaji kubadilishwa. Kimya kabisa ni waya, swichi ya mlango au kompyuta yake. Hapo ndipo mkono wako uishie, kwa kuwa ndani kuna umeme wa nyumba, hapa Uingereza volti 230. Mlioko Umoja wa Ulaya, kwa mashine zilizoingia sokoni tangu Machi 2021 mtengenezaji anatakiwa kuwa na vali, mipira na machujio kwa ajili ya mafundi kwa angalau miaka 7, kwa hiyo usikubali haraka ukiambiwa "nunua mpya tu". Kama mashine ni ya mwenye nyumba, mwandikie barua pepe, si simu peke yake; ambatisha picha ya kioo na ya kibandiko chenye namba ya modeli, ambacho kiko ukingoni mwa mlango ukiufungua, na umweleze ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde ngapi.