Jinsi ya kujiundia pampu ya kubeba ya kutoa maji taka kwenye RV

Kama una RV, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, unajua kuna siku tangi la choo linajaa alafu sehemu ya kumwaga iko mbali au iko juu kuliko gari lenyewe. Lile bomba nene la inchi 3 la kumwagia uchafu wa tangi linategemea mteremko tu, uchafu ushuke wenyewe, kwahiyo kama mdomo wa bomba la maji taka uko mita 20 nyuma ya nyumba na katikati kuna kamwinuko, umekwama. Dawa yake ni pampu ya kusaga, inavuta uchafu, inausaga kwa visu vilivyo mdomoni mwake, alafu inausukuma kwenye mpira mwembamba wa inchi 3/4 kama ule wa kumwagilia bustani. Zipo zinazouzwa zikiwa zimeshaungwa kila kitu, ila ukinunua pampu peke yake ukaunga mwenyewe unapata kitu unachokijua ndani nje, na kikigoma njiani unajua pa kuanzia.

Sasa kabla hujanunua chochote elewa jambo moja, hii pampu haifi kwa kazi ngumu, inakufa kwa kukauka. Ndani kuna impela ya mpira, ina mbawa laini zinazosugua kuta za pampu muda wote, na kinachozilainisha ni hayo hayo maji yanayopita. Maji yakiisha mota ikaendelea kuzunguka, mpira unapata moto na kuchanika kwa muda mfupi sana. Ya kwanza niliyoiunda iliisha hivyo, niliiwekea swichi ya kawaida ya kuwasha na kuacha, nikaenda kule mwisho kuangalia kama mpira haujachomoka, kurudi nakuta tangi limeshaisha na pampu inatoa sauti kavu ya kukwaruza, nilipoifungua mbawa tatu zimekatika na zilizobaki zimejikunja kama majani yaliyokauka. Toka siku hiyo nikiunda naanza na vitu viwili, jicho la kuona maji yanavyopita na swichi inayojizima yenyewe ukiiachia.

Vifaa ni hivi: pampu ya kusaga ya volti 12, mdomo wa kuvutia wa inchi 1 na nusu, nyingi zinasukuma kama lita 45 kwa dakika zikiwa hazina mzigo. Konekta ya inchi 3 ya kuzungusha inayoshika kwenye mdomo wa tangi, RV nyingi za Marekani zina hiyo saizi. Kiwiko cha plastiki kinachoonyesha ndani, ndio lile jicho la kuona maji. Kipunguzio cha kutoka inchi 3 kwenda 1 na nusu, valvu ya mpini, klipu za chuma cha pua za kubana paipu, waya mnene, fyuzi, rilei ya ampea 30 au 40 (swichi ya umeme inayowashwa na swichi nyingine ndogo), swichi ya kubonyeza inayojizima ukiiachia, klemu za betri zile za mdomo wa mamba, kipande cha pliwudi na kreti au boksi gumu la plastiki. Mpira wa kutolea uwe wake peke yake, uuandike kwa rangi isiyofutika kwamba ni wa choo, na usije hata siku moja ukaufunga kwenye bomba la maji ya kunywa.

Anza na pampu kuikalisha kwenye pliwudi, ifunge kwa bolti ikiwa imelala, au kichwa kiwe chini na mota juu. Usiiweke mota chini, maana sili, yaani kizuizi cha maji kati ya pampu na mota, ikianza kuvuja siku moja maji taka yanashuka moja kwa moja kwenye mota. Alafu pliwudi yote iingie kwenye boksi, toboa tundu moja upande wa kuvuta na moja upande wa kutoa, acha nafasi hewa ipite kwasababu mota inapata joto. Soma kwenye lebo inaruhusiwa kufanya kazi muda gani mfululizo, nyingi ni za kazi ya muda mfupi alafu zipumzike.

Upande wa kuvuta unaunga hivi, konekta, kiwiko cha kuonyesha, kipunguzio, kipande kifupi cha paipu ngumu yenye mizunguko kama springi isiyojikunja, alafu pampu. Paipu laini hapo haifai kabisa, ikivutwa inajibana na pampu inakosa maji, na tumeshasema ikikosa maji kinachofuata ni nini. Viungo vya plastiki visivyofunguliwa paka gundi ya PVC kama vyote ni PVC, vile vya thredi zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, na kwenye klipu weka mbili mbili. Tundu dogo tu upande wa kuvuta halitavuja maji, litavuta hewa, utabaki unashangaa pampu mpya haina nguvu.

Upande wa kutoa weka valvu ya mpini karibu na pampu ndio mpira ufuate. Kazi yake ni kuzuia kilichobaki kisirudi kukumwagikia miguuni ukifungua, ila LAZIMA iwe wazi kabla ya kubonyeza swichi, la sivyo presha inapanda na kiungo kinachomoka. Na hapa watu wengi wanapoteza siku nzima: thredi za mpira wa bustani wa Marekani wa inchi 3/4 ni 11.5 kwa inchi na zimenyooka, thredi za mabomba ya kawaida ya 3/4 ni 14 kwa inchi. Ukivishika mkononi vinafanana, vinaingia mzunguko mmoja hivi alafu vinagoma, ukilazimisha unaharibu vyote viwili. Nunua adapta yake.

Umeme ndio sehemu ya kutulia. Pampu ya aina hii ikiwa na mzigo inakula ampea 15 mpaka 20, kwahiyo ile soketi ya kuchajia ndani ya gari sahau, fyuzi yake kwa kawaida ni ndogo kuliko hapo. Chukua umeme betri moja kwa moja. Waya tumia wa milimita za mraba 6 kama umbali ni mita 5 hivi, hesabu yake ni kwamba umeme unaenda mita 5 na kurudi mita 5, na kwa waya wa 2.5 ukivuta ampea 18 unapoteza volti 1.2 na zaidi humo njiani, pampu inabaki na 11 kasoro na inazunguka kivivu. Kwa waya wa 6 unapoteza nusu volti tu. Fyuzi ya saizi iliyoandikwa kwenye pampu, mara nyingi 20 au 25, ikae karibu kabisa na klemu nyekundu, sio kule kwenye boksi, kwasababu inalinda waya wote. Swichi ya kubonyeza iwashe rilei, rilei ndio ibebe mzigo. Kuna watu wanasema kushika swichi dakika tano inachosha, ni kweli inachosha, lakini ndio inayokuweka hapo hapo macho yakiwa kwenye kiwiko.

Ukimaliza usikimbilie tangi. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji safi, mwagia kwenye mdomo wa kuvuta mpaka pampu ijae, tumbukiza mdomo huo kwenye ndoo, bonyeza. Kama iko sawa ndoo inaisha kwenye nusu dakika hivi, au zaidi kidogo kama mpira ni mrefu. Ikizunguka haivuti, angalia kwanza kama hujageuza nyekundu na nyeusi, alafu tafuta hewa inapoingilia.

Siku ya kazi vaa glavu na miwani ya kujikinga, simama penye hewa. Funga konekta, nyoosha mpira, mwisho wake uingize ndani kabisa ya mdomo wa bomba la maji taka la nyumba au kituo kinachoruhusiwa na uufunge usiruke, maana ule mpira mwanzoni unacheza kama nyoka. Mtaro wa mvua sio mahali pake, chini porini pia hapana. Fungua valvu ya mpini, fungua tangi la choo, subiri kiwiko kijae kahawia, ndio bonyeza. Utaona mtiririko umejaa kiwiko chote, baadaye unaanza kupungua na mapovu kuingia, na sauti ya mota inapanda kidogo, hapo achia SAA HIYO HIYO. Funga tangi la choo, fungua la maji ya kuogea na sinki, endelea. Hayo maji ya sabuni ndio yanasafisha pampu na mpira wote, ndio maana choo kinatangulia siku zote. Usimimine klorini humo ukidhani unasaidia, ikikutana na mkojo inatoa gesi mbaya ya kifua.

Na chooni isiingie kitu kingine zaidi ya karatasi inayoyeyuka. Vitambaa vya kufutia watoto, hata vile wanavyosema vinayeyuka, vinajisokota kwenye visu kama kamba.

Kabla ya kuhifadhi pitisha ndoo ya maji safi, inua mpira kuanzia kwenye pampu ukienda nao mpaka mwisho umwagike wote, alafu dondoshea gliserini kidogo mdomoni mwa pampu na ubonyeze nusu sekunde ipake. Oili ya injini hapana, inaweza kuvimbisha mpira wa impela. Ikikaa miezi mingi mbawa zinaganda kwenye ukuta, unabonyeza inanguruma tu au fyuzi inakatika. Chomoa umeme, angalia nyuma ya mota, pampu nyingi zina kijitundu ambapo ekseli ina mfereji wa bisibisi bapa, zungusha taratibu mpaka usikie imeachia, mwagia maji kidogo ndani, rudisha umeme na ujaribu tena.