Namna ya Kutambua na Kutibu Mchwa Ndani ya Nyumba: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Moshi na Arusha

Kazi yangu ni kupiga dawa ya mchwa katika nyumba za Moshi na Arusha, na mara nyingi namkuta mwenye nyumba amekwisha kununua dawa kabla hajajua mchwa wanatoka wapi. Wanaotuharibia nyumba kwa sehemu kubwa ni mchwa wa ardhini. Kiota chao kiko udongoni, pengine mbali na ukuta, na hao unaowaona kwenye fremu ya mlango ni vibarua waliofuata chakula. Ukiwanyunyizia hao peke yao, umepunguza vibarua tu, na malkia anaendelea kutaga. Kwa sababu hiyo ukaguzi hutangulia, dawa hufuata.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni mchwa

Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa, hutoka baada ya mvua za kwanza za vuli au za masika. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu na hana kiuno, ilhali sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Mabawa yaliyopukutika chini ya taa ya barazani hayathibitishi chochote, kwa kuwa taa huwavuta hata walio mbali. Lakini wakichomoza kwenye ufa wa sakafu, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, ujue kiota kiko chini ya nyumba au karibu yake kabisa.

Unga laini unaomwagika kutoka kwenye vitundu vya mbao ni kazi ya bungua. Punje ndogo ngumu, zinazofanana na mbegu za mchicha, zikijikusanya chini ya kabati, ni za mchwa wa mbao kavu, ambao huishi ndani ya mbao yenyewe bila kugusa udongo. Hao hutibiwa kwa kuondoa mbao husika au kuitoboa na kuidunga dawa. Yanayofuata yanahusu mchwa wa ardhini.

Hatua ya 2: Kagua nyumba nzima kabla ya kubomoa chochote

Chukua tochi na bisibisi, uanzie nje. Zunguka msingi ukitafuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, vyenye upana wa penseli au zaidi. Katika nyumba za vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, mahali pa kwanza pa kutazama ni pale magogo na majani ya migomba yaliporundikwa kugusa ukuta, kwa sababu hapo mchwa hupata unyevu, kivuli na chakula kwa pamoja.

Ndani, anza na fremu za milango. Mafundi wetu wana desturi ya kusimamisha fremu kwanza na kumwaga zege la sakafu baadaye, hivyo miguu ya fremu hubaki imezama chini ya sakafu, ikiwa imegusa udongo. Mchwa hupanda ndani ya mbao bila kuonekana. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima hutoa sauti kavu, na iliyoliwa hutoa sauti ya uwazi. Palipo na uwazi, sukuma ncha ya bisibisi taratibu: mara nyingi itazama, kwa maana kilichobaki ni rangi na ganda jembamba la mbao, na ndani utakuta mifereji inayofuata nyuzi za mbao, imepakwa udongo. Kisha kagua nyuma ya makabati ya jikoni na kuta za bafuni, umalizie darini kwenye kenchi na papi.

Hatua ya 3: Pima kama wangali hai

Vunja kipande cha sentimita mbili au tatu katikati ya kijia, ukiache kilichobaki kama kilivyo. Rudi baada ya siku moja au mbili. Pengo likiwa limezibwa kwa udongo mbichi, wapo. Lisipozibwa, usishangilie mapema, kwa maana huenda wamehamia njia nyingine. Rudia jaribio hili kwenye vijia vingine. Usivifagie vyote siku hiyo, kwani ndivyo vitakavyokuonyesha wanapoingilia.

Hatua ya 4: Piga dawa kwenye udongo

Dawa zenye sipamethrini au bifenthrini huwafukuza mchwa, nao wakipata pengo lisilo na dawa hupita hapo. Zenye fipronili au imidaklopridi hawazitambui. Huzibeba mwilini na kuwaambukiza wenzao kabla ya kufa. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ambayo chini ya sakafu yake huwezi kufikia kila kona, mimi huchagua kundi la pili. Oili chafu na mafuta ya taa, ambavyo bado vinasifiwa sana mitaani, huishia kwenye uso wa mbao na kuongeza hatari ya moto.

Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu hapa Arusha, ikiwa kwenye chombo chake chenye lebo, na uichanganye kwa kipimo cha lebo hiyo. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji uikatae.

Chimba mtaro unaogusa msingi, wenye upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 30, bila kupita kitako cha msingi. Mwaga lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya urefu, nyingine ukizimwagia kwenye udongo kadiri unavyourudisha. Nyumba yenye mzunguko wa mita 40 itahitaji lita 200, yaani zaidi ya mabomba 12 ya mgongoni ya lita 16. Fundi anayemaliza nyumba ya namna hiyo kwa bomba moja, kabla ya chai ya saa nne, amekuuzia maji.

Palipo na zege hadi ukutani, toboa kwa keekee matundu ya milimita 12, kila baada ya sentimita 30, ukiwa umekwisha kujua mabomba ya maji na nyaya za umeme zinapopita. Jaza dawa, kisha ziba kwa saruji.

Usipige dawa udongo ukiwa umeloa au mvua ikikaribia, wala karibu na kisima au mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili, kwa maana fipronili huua samaki na nyuki. Vaa glavu, buti na barakoa. Watoto wakae mbali hadi pakauke, na kuku wafungiwe, kwani watadonoa mchwa wenye sumu.

Hatua ya 5: Badilisha mbao mwisho

Subiri hadi vijia visizibwe tena kwa wiki kadhaa, ndipo ubadilishe mbao zilizoliwa. Tumia mninga, au paina iliyotiwa dawa kiwandani, na ncha zilizokatwa upya uzipake dawa ya mbao. Fremu mpya ikalie juu ya zege, isizame ndani yake. Magogo na majani yaondolewe ukutani, kisha kagua msingi kila mwanzo wa vuli na masika.