Kabla mtoto hajaketi mbele ya jopo la ufadhili

Mahojiano ya kuomba ufadhili wa karo ya sekondari nchini Kenya hayafanani na mahojiano ya kuingia shule yenyewe. Shule haina haja ya kujua baba alikufa kwa ugonjwa gani. Jopo la ufadhili, kwa upande wake, limeketi hapo kujua kwa nini karo imewashinda, kwa hiyo mambo ya nyumbani hayakwepeki. Kinachowezekana ni kuamua mapema yatasemwa yapi, na kwa maneno gani.

Anza na karatasi, maana ndizo huropoka kabla mtoto hajafungua mdomo. Cheti cha kifo huandikwa chanzo cha kifo. Kama baba alijiua, au aliugua ugonjwa ambao nyumbani hautajwi, mtoto asilisikie hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni mwenye faili. Mwambie mapema, si asubuhi ya safari. Kitazame pia cheti cha kuzaliwa. Hadi Mahakama Kuu ilipoamua vingine mwaka 2016, jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa halikuandikwa bila ridhaa ya baba huyo, na wapo ambao vyeti vyao bado vina pengo. "Nalelewa na mama" ni jibu kamili.

Kisha jiulize nani atakuwa mezani. Ufadhili wa Wings to Fly, ulioanza mwaka 2010, hutegemea majopo ya wenyeji: maafisa wa elimu, machifu, viongozi wa dini. Ni vigumu kuwadanganya, na hilo ni jema. Lakini huenda mmoja wao mnasali naye kila Jumapili. Ndiyo maana mtoto ajizoeze kueleza athari badala ya kutaja siri: "Mama huugua mara kwa mara, hawezi kufanya kibarua kila siku." Jopo limepata linachohitaji, na jina la ugonjwa limebaki nyumbani. Asitie chumvi, kwani wanaweza kuja kuiona nyumba.

Wazazi wengine huwafunza watoto kulia. Kwangu mimi huo ni ukatili, tena jopo lililozoea hulitambua igizo. Machozi yakija yenyewe, aombe dakika moja, anywe maji, aendelee.

Maswali ya kabila na hali ya VVU yana sheria zake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza ubaguzi wa kikabila katika kusajili wanafunzi, na ile ya VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya hali yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu afya na habari za familia kuwa taarifa nyeti. Mtoto hatakariri sheria mbele ya chifu, amwambie tu, "Naomba hilo mumuulize mlezi wangu." Mlezi naye awe nje ya mlango au kwenye simu iliyo na chaji.

Limebaki lililo zito zaidi: mtoto aliyedhulumiwa, anayeulizwa kwa nini anaishi kwa shangazi. "Nyumbani hapakuwa salama" inatosha, na asilazimishwe kusimulia zaidi ili apate karo. Kama dhuluma bado inaendelea, piga 116, simu ya bure ya watoto, bila kusubiri siku ya mahojiano.