Soda water badala ya maji kwenye bhajia za viazi

Hii nimeipata kwa mama mmoja anayekaanga bhajia za kuuza: unga wa dengu usiukoroge na maji ya kawaida, tumia soda water ya baridi kutoka kwenye friji. Changanya kwanza unga, chumvi, bizari, pilipili na kotmiri vikiwa vikavu, mafuta yakishapata moto ndo ufungue chupa, mimina kidogo kidogo huku unakoroga juu juu tu (vidonge vidogo visikusumbue), chovya slesi za viazi tia kwenye karai hapohapo. Soda water ni maji yaliyojazwa gesi ya kaboni daioksaidi kwa presha, na zingine wanaweka bekin soda kidogo, kwahiyo vile viputo vikigusa mafuta ya moto vinatanuka na ganda linatoka jepesi, linalia kabisa ukiuma. Chumvi punguza kidogo maana zingine zina chumvichumvi yake.

Inapogoma: ukikoroga halafu ukaacha nusu saa gesi inaisha, umebaki na maji ya bei mbaya. Chupa iliyofunguliwa jana nayo ndo hivyohivyo. Na usinunue toniki ukidhani ni kitu kimoja, ile ina sukari na kwinini, ni chungu.

Kwenye chai usihangaike, ikichemka gesi yote inatoka. Kunywa ile isiyo na sukari inakata kiu kama maji tu, ila mwenye kiungulia aende nayo taratibu, atacheua mpaka achoke.