Moshi na kusoma uso wa mwenzako

Ukitaka kuzungumza na mtu jambo zito nyumbani, safisha hewa kwanza. Nasema hivi kwa sababu ya utafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Manchester, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2025. Watu wazima 26 walikaa saa moja katika hewa yenye moshi mzito wa mishumaa, na siku nyingine katika hewa safi. Saa nne baada ya moshi, walipata shida zaidi kutofautisha uso wenye woga na wenye furaha. Umakini wao pia ulishuka, ila kumbukumbu ya muda mfupi haikuguswa. Hata walipoziba pua wakapumua kwa mdomo, hali ilikuwa ileile.

Kinachonigusa hapo ni zile saa nne. Moshi umeshatoweka chumbani, nawe hujui kwamba unamsoma mtoto au mwenzi wako vibaya. Kweli, waliopimwa ni watu wachache, na moshi wao ulikuwa mwingi kuliko wa mshumaa mmoja mezani. Lakini umeme ukikatika, wengi wetu tunawasha mishumaa kadhaa na madirisha tumefunga.

Kwa hiyo tumia taa ya sola au ya betri ukiwa nayo. Kama ni mshumaa, kata utambi uwe mfupi, uweke mbali na upepo, na ukauzimie nje, maana moshi hufuka zaidi mshumaa unapozimwa. Jiko la mkaa nalo liwashiwe uani.